Baike Mzee ya Ex-UK: Ni Takataka ama ni Doo? Hii Hapa Stori Yote ya Baiskeli za Milima za Kitambo na Bei Zake

Umepita pale jamaa anauza baiskeli za ex-UK. Ziko rundo, zimefungwa na cheni moja, zingine bado ziko na matope ya Uingereza kwa tairi. Katikati unaona moja ya zambarau imefifia. Haina shoki. Fremu ni ya chuma, nyembamba, na jina lililoandikwa pale ubavuni unahisi umelisikia mahali. Unatoa simu, unasaka hilo jina, na boom! Kuna msee Ujerumani anauza kama hiyo kwa maelfu ya dola. Huyu jamaa wako hapa anataka ngiri nane.

Moyo unaanza kudunda. Ngiri nane ndiyo ulikuwa umeweka ya rent.

Kabla utume hiyo M-Pesa, tulia kwanza. Ni kweli kuna baiskeli za milima za miaka ya 80 na 90 zenye wasee wa Ulaya, Marekani na Japani wanapigania. Ni kweli pia nyingi za zile unaona kwa rundo hazina bei yoyote huko nje. Na hata zile za ukweli, bei yake imepanda na kushuka kama stima ya mtaa. Soma hii mpaka mwisho, itakuokolea doo.

Jibu la haraka kama huna muda

- Uzee peke yake hauleti bei. Bei inaletwa na kumbukumbu: mtu mzima ananunua ile baiskeli alikosa akiwa na miaka 15.
- Bei unayoona kwa tangazo ni ile muuzaji anaomba. Bei ya ukweli ni ile mtu alilipa.
- Baike nyingi za miaka ya 90 zina faida kubwa ukizipanda kuliko ukiziuza.

Sasa twende pole pole.

Ilianza na mitumba, si ni funny?

Baiskeli ya milima yenyewe ilizaliwa kwa takataka. Rudi miaka ya 1970, Marin County, California, kaskazini ya San Francisco. Kulikuwa na mbogi ya vijana huko waliokuwa wanapenda kushuka mlima mmoja unaitwa Tamalpais na vilima vya karibu. Baiskeli za mashindano za wakati huo zilikuwa laini sana, zingevunjika. So walikuwa wanatafuta baiskeli nzito za kitambo, hasa Schwinn Excelsior za miaka ya 1930 na 1940, zenye tairi nono, zile watu walikuwa wameacha nyuma ya nyumba na kwa maduka ya vyuma kuukuu. Wanazivua kila kitu hakihitajiki, wanaongeza gia na breki za nguvu, wanapanda nazo juu.

Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mbio yao ya kwanza karibu na mji wa Fairfax. Barabara ya vumbi, inashuka karibu mita 400 kwa kilomita tatu na kitu. Iliitwa Repack. Jina lilitoka wapi? Breki ya nyuma ilikuwa ndani ya habu, ile ya kukanyaga pedali kinyume. Ukifika chini imepata joto mpaka grisi yote imeungua na kutoka moshi. Lazima ufungue habu uijaze grisi upya kabla ya kushuka tena. Rekodi ya huo mteremko ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Mwenye alikuwa anashika saa na kupanga mambo ni Charlie Kelly. Na picha nyingi tunazo za hizo siku zilipigwa na Wende Cragg, dem aliyekuwa anapanda na hao maboyz.

Excelsior zikaanza kuisha kwa vyuma kuukuu, na zile zilibaki zilikuwa zinapinda na kuvunjika. Ndiyo 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mpya kabisa ya kazi hiyo, Breezer. Ile mwanzo alitengeneza kumi tu. Ya kwanza saa hii iko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. 1979 Fisher na Kelly wakafungua kampuni, fremu zikitengenezwa na Tom Ritchey. Halafu 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani, ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Bei yake ilikuwa dola 750.

Weka hiyo 750 kwa kichwa, tutairudia.

Miaka ya moto: 1988 hadi 1996

Hapa ndipo mchezo ulishika dunia. Mbio za kwanza rasmi za ubingwa wa dunia zilifanywa 1990 huko Durango, Colorado. Ned Overend na Juli Furtado wakashinda mbio ndefu za porini. John Tomac alikuwa pale na Yeti C-26, fremu ya mirija ya kaboni na alumini, na usukani uliopinda kama wa baiskeli ya barabarani. Mwaka uliofuata huyo Tomac akachukua ubingwa wa dunia akiwa na jezi ya Raleigh. Ndiyo, jina lile lile la baiskeli ya guka wako.

Hao wasee walikuwa masupastaa. Missy Giove, bingwa wa dunia wa kushuka mlima 1994, alikuwa anapanda akiwa amevaa samaki piranha mkavu shingoni. Si mchezo.

Na kila kitu kilikuwa na rangi. Zambarau, kijani ya kuchoma macho, waridi. Karakana ndogo ndogo zilikuwa zinachonga vipuri vya alumini, zinavipaka rangi, na vijana walikuwa wanatumia doo yote ya kazi ya likizo kununua breki moja. Klein walikuwa huko Chehalis, jimbo la Washington, wanatengeneza fremu za alumini zenye mirija minene na rangi zinazobadilika kutoka mbele kwenda nyuma. Fat City Cycles walikuwa Somerville, Massachusetts, na fremu yao Yo Eddy. Merlin walikuwa wanachomelea titani. Ibis, Ritchey, Bontrager, Yeti: haya ndiyo majina yalikuwa yamebandikwa ukutani kwa vyumba vya vijana, kama vile wewe ulibandika wachezaji wa Arsenal.

Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta. Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia wakachukua dhahabu. Ungedhani mambo ndiyo yanaanza. Kwa hizi baike za kitambo, ilikuwa ndiyo mwisho.

Vile ziligeuka takataka

Teknolojia haina huruma. RockShox walikuwa wameleta foku yenye shoki 1989, na kufikia katikati ya miaka ya 90 kila mtu alitaka moja. 1996 Shimano wakaleta breki za V, zenye nguvu kuliko zile za waya wa katikati. Baadaye zikaja breki za diski na shoki ya nyuma. Kampuni kubwa zikameza zile ndogo: Trek walichukua Gary Fisher 1993, halafu Klein na Bontrager 1995. Fat City iliuzwa 1994.

Ukiwa na baiskeli ya 1991 mwaka wa 2001, ulikuwa na kitu kama simu ya mulika mwizi siku ya uzinduzi wa simu mpya. Hakuna mtu anaitaka. Wenyewe walizitupa gereji, wakapea watoto wa jirani, wakauza kwa bei ya chai. Nyingi zilienda kwa mashirika ya hisani, na kutoka huko zingine zikaingia kontena. Ndiyo vile zambarau yako ilifika Mombasa.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kununua. Lakini karibu hakuna mtu alijua.

Halafu wale vijana wakakua, wakapata doo

Fanya hesabu. Kijana wa miaka 15 aliyekuwa anamezea mate Klein mwaka wa 1992, amefika miaka 30 mwaka wa 2007. Ana kazi, ana nyumba, ana gereji. Na sasa kuna eBay, kwa hivyo baiskeli imelala kwa gereji ya Ohio inaweza kuonekana na msee wa Munich akiwa kwa kiti chake.

Hapo ndipo bei zilianza kupanda. Kwanza fremu zenyewe, halafu vipuri. Watu wakaanza kutafuta kila kitu kama kilivyotoka dukani: tairi zile zile, stika zile zile, hata mikono ya mpira ya usukani ya mwaka ule ule. Kuna kipuri kidogo cha zambarau kimewahi kuuzwa bei ya baiskeli nzima ya kawaida. Huko Fairfax, pale pale Repack ilikuwa, kukafunguliwa makumbusho ya baiskeli 2015, na Ukumbi wa Mashujaa wa baiskeli za milima ukahamia humo kutoka Crested Butte, Colorado. Kitu kikiingia makumbusho, ujue wasee wameanza kukiita historia, na ukisema historia, bei inasikia.

Lakini shika hii point vizuri, kwa sababu ndiyo siri ya soko lote. Hawa watu hawakuwa wananunua chuma. Walikuwa wananunua ile picha ya ukutani. Ndiyo maana baiskeli ya 1992 yenye ilikuwa kwa kila gazeti ina bei kubwa kuliko ya 1985 yenye hakuna mtu anaikumbuka. Na ndiyo maana bei haiwezi panda milele: siku yule mwenye alikuwa na picha ukutani amezeeka na kuanza kupunguza vitu kwa nyumba, baiskeli zake sita zinaingia sokoni, na yule kijana wa leo hakuwa na hiyo picha.

Inchi 26 ikazikwa

Baike zote hizi za kitambo zilikuwa na rimu za inchi 26. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, Gary Fisher yule yule alikuwa anasukuma rimu kubwa za inchi 29. Wengi walimcheka. Kwa Olimpiki ya London 2012, Jaroslav Kulhavý wa Czech akashinda dhahabu na 29, na Nino Schurter wa Uswisi akachukua fedha na 27.5. Baada ya miaka michache ungeingia duka la Ulaya ukose baiskeli mpya ya maana yenye 26.

Hii ilifanya mambo mawili kwa bei. Moja, ile 26 ya kawaida ilianguka kabisa. Pili, ile 26 ya kipekee ikawa wazi kwamba ni kitu cha zamani, hakitawahi kutengenezwa tena, na wakusanyaji wakazidi kuishika.

Na hapa kuna kitu chetu. Huko kwao wanabonga eti tairi nzuri za 26 ni ngumu kupata. Hapa Kenya, fundi wa mtaa aliyekaa chini ya mti ana tyubu ya 26 imening'inia juu ya kichwa chake. Kwa upande wa kupanda, hii nchi bado ni nchi ya 26.

Korona ikavuruga kila kitu

2020 watu walifungiwa, wakataka kutoka nje, wakakimbilia baiskeli. Viwanda vilikuwa vimefungwa, meli zimechelewa, maduka yakakauka. Mtu alikuwa anaagiza baiskeli mpya anaambiwa arudi baada ya miezi. Kwa hivyo kila mtu akaingia gereji kutoa ile ya zamani, na bei ya kila kitu chenye magurudumu mawili ikapanda, hata zile hazikuwa na jina.

Halafu kampuni ziliagiza kupita kiasi. Kufikia 2023 stoo zilikuwa zimejaa, mpya zikauzwa kwa diskaunti kubwa. Wiggle, moja ya maduka makubwa ya baiskeli mtandaoni huko Uingereza, ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023. Sasa fikiria wewe: kama mtu anapata baiskeli mpya kwa nusu bei, nani atalipa bei ya korona kwa Raleigh ya 1994? Zile za katikati zikarudi chini. Mwenye alinunua 2021 akidhani ni biashara, alichoma picha.

Saa hii ni nani ananunua?

Soko limegawanyika mara mbili, na ukichanganya hizi mbili utaumia.

Kundi la kwanza ni wakusanyaji wa kweli. Hawa wanataka jina, mwaka na hali. Wako wachache, wanajuana, wanajua kila stika. Ukiwaletea fremu imepakwa rangi upya na spray, hawatakujibu hata ujumbe.

Kundi la pili ni wapandaji, wengi wao vijana. Hawa waligundua kitu kimoja: baiskeli ya milima ya chuma ya 1990, isiyo na shoki, ukiiwekea tairi nyepesi na usukani mpana wa starehe, inakuwa karibu kabisa na zile baiskeli za barabara za changarawe zinazouzwa leo kwa bei ya pikipiki. Ni ngumu, inabeba mzigo, fundi yeyote anairekebisha. Kuna duka Tokyo linaitwa Blue Lug limejulikana dunia nzima kwa kujenga baiskeli za aina hii, na kikapu mbele. Bridgestone MB-1 na XO-1 za mwanzo wa miaka ya 90, kazi ya Grant Petersen, zimekuwa kama dini kwa hawa watu, na XO-1 haswa ni adimu kwa sababu Bridgestone walifunga ofisi ya baiskeli Marekani 1994.

Kundi la pili ndilo limebadilisha mambo. Halilipi maelfu, lakini limefanya baiskeli nzuri ya kawaida iwe na thamani kidogo kuliko zamani. Trek, Specialized Rockhopper, Marin, Kona ya chuma: si dhahabu, lakini si takataka tena.

Zenye ziko na bei, na zenye hazina

*Juu kabisa.* Breezer za mwanzo, Ritchey za kwanza za Fisher na Kelly, fremu za alumini za Charlie Cunningham. Sahau. Hutapata kwa rundo, na ukipata piga kelele.

*Juu sana.* Klein Attitude na Adroit kabla ya Trek kununua kampuni, hasa zenye rangi asili. Yeti za mwanzo. Fat Chance. Merlin za titani. Hizi ndizo za maelfu ya dola zikiwa safi.

*Katikati.* Hapa ndipo ex-UK inaweza kukushangaza, kwa sababu Waingereza walikuwa na majina yao. Orange Clockwork. Pace yenye mirija ya pembe nne badala ya duara, ukiiona hutaisahau. Kona za chuma kama Explosif, na ile foku yao iliyonyooka bila kupinda mbele. Muddy Fox Courier za miaka ya 80, wakati hilo jina lilikuwa na heshima. Marin za juu. GT Zaskar ya alumini inayong'aa, yenye mirija ya nyuma inapita mbele ya chuma cha kiti na kutengeneza pembetatu ndogo.

*Chini.* Baiskeli nyingi za supamaketi, nzito, zenye stika kubwa na shoki mbili za kuning'inia. Hata zikae miaka mia, ni vyuma.

*Mtego.* Zile za mwisho wa miaka ya 90 zenye shoki mbele na nyuma. Zinakaa za bei, lakini shoki nyingi za mwanzo zilikuwa na mpira ndani. Huo mpira unakauka ama unayeyuka kuwa kama chingamu, na vipuri havipo.

Vile utaitambua kwa rundo

Usiangalie rangi kwanza. Fanya hivi.

1. *Inua.* Baiskeli ya chuma nzuri inakushangaza vile ni nyepesi. Ukiinua ukahisi umebeba mtungi wa gesi, achana nayo.

2. *Soma stika ndogo chini ya kiti.* Hiyo ndiyo inasema chuma ni gani. Tange Prestige, Reynolds, Columbus, True Temper, Ritchey Logic: hayo ni majina mazuri. Reynolds ni wa Birmingham, kwa hivyo kwa ex-UK utawaona.

3. *Soma nyuma ya vipuri vya Shimano.* Hii ni tamu. Nyuma ya mkono wa pedali ama kile kifaa cha nyuma cha kubadilisha gia kuna herufi mbili ndogo zimegongwa. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Mwaka unaanza A ikiwa 1976, B ni 1977, unaendelea hivyo. M ni 1988, O ni 1990, P ni 1991, S ni 1994. Mwezi, A ni Januari mpaka L ni Desemba. Kwa hivyo PC ni Machi 1991. Ikifika Z, 2001, inaanza A tena 2002. Kumbuka hiyo inakuambia mwaka wa kipuri, na kipuri kinaweza kuwa kilibadilishwa. Angalia vitatu ama vinne, vikikubaliana uko fiti.

4. *Cheki jina la vipuri.* Deore XT ni daraja la juu. XTR, iliyotoka 1992, ni juu zaidi. Vile viwiko vya gia vya XT vya kidole gumba, vinavyokaa juu ya usukani, wasafiri wa mbali wanavitafuta mpaka leo kwa sababu haviharibiki. Wakati mwingine hivyo viwili peke yake vina bei kuliko fremu yenye vimekalia.

5. *Tafuta ufa na uchomeleaji.* Pitisha kidole pale mirija inakutana, hasa nyuma ya usukani na kwa ekseli ya pedali. Rangi iliyopasuka kwa mstari ni ishara ya ufa. Ukiona welda wa jua kali ameshapita hapo, kwa mkusanyaji hiyo imekufa.

6. *Jaribu kuzungusha chuma cha kiti.* Kikiwa kimeshikana na fremu kwa kutu, kukitoa ni kazi ya machozi. Punguza bei hapo hapo.

7. *Uliza imetoka wapi.* Ikiwa haikuja na kontena na muuzaji anaangalia chini, usiguse. Baiskeli ya mtu ni ya mtu, Nairobi ama London.

Sasa ile hesabu ya 750

Ulikumbuka? Stumpjumper ilikuwa dola 750 mwaka wa 1981. Ukiongeza vile maisha yamepanda Marekani tangu hapo, hiyo ni zaidi ya dola 2,500 za leo. Kwa shilingi 130 hivi kwa dola, ni zaidi ya laki tatu. Maana yake ni hii: mtu aliyenunua Stumpjumper mpya, akaiweka kwa kabati miaka arobaini bila kuipanda hata siku moja, lazima auze zaidi ya laki tatu ndiyo arudishe tu pesa yake. Na hiyo ni moja ya baiskeli maarufu kabisa kwa historia, yenye kaka yake iko Smithsonian.

Sasa wewe na hiyo zambarau. Tuseme ni ya ukweli, ya daraja la katikati. Toa ngiri nane ya kununua. Toa ya kuiosha na kuirekebisha. Toa sanduku na kuituma Ulaya, na kutuma baiskeli nzima kwa ndege si kama kutuma shati. Toa ushuru wa huko mnunuzi atalipa, kwa sababu ataupunguza kwa bei yako. Toa asilimia ya mtandao unaouzia. Halafu ukae miezi ukimngoja huyo msee mmoja anayetaka saizi hiyo, rangi hiyo, mwaka huo.

Ukitaka kujua bei ya ukweli, usiangalie matangazo. Kwa eBay kuna sehemu ya kuchagua zilizouzwa. Bonyeza hapo. Mara nyingi ile ya maelfu imekaa tangazo mwaka mzima bila kununuliwa, na ile iliyouzwa ilienda kwa robo ya hiyo.

Kama unataka kujaribu biashara, anza na vipuri. Viwiko vya gia, breki za daraja la juu, mikono ya pedali: ni vidogo, vinaingia kwa bahasha. Lakini usivunje baiskeli nzima nzuri ili uuze vipande. Ukishaivunja, hairudi, na zilizokamilika zinapungua kila mwaka.

Makosa matatu yanaua bei

- *Kupaka rangi upya.* Rangi asili iliyochubuka ina thamani kuliko spray mpya inayong'aa. Osha, paka nta, acha hivyo.
- *Kung'oa stika.* Hizo stika ndizo kitambulisho chake. Ukizitoa, umechoma ID yake.
- *Kulazimisha.* Ekseli imekataa, fundi ameleta nyundo. Hapana. Mafuta ya kulegeza kutu, siku mbili za subira, halafu jaribu.

Kwa hivyo ununue ama uache?

Jiulize swali moja pale mbele ya jamaa: kama hakuna mtu duniani atawahi kununua hii baiskeli kutoka kwangu, bado naitaka?

Kama jibu ni hapana, rudisha simu mfukoni, lipa rent. Wewe hukuwa na picha ya Klein ukutani 1992. Wale walikuwa nayo washanunua, na wengi wao sasa wanauza.

Kama jibu ni ndiyo, chuma ni kizuri, saizi ni yako, na hiyo ngiri nane si ya landlord, basi bishana mpaka sita na uichukue. Weka tairi mpya za 26, ambazo huku hazijawahi kuisha. Badilisha waya za breki. Jumamosi asubuhi ipeleke Karura, ama panda nayo Ngong pole pole na ushuke haraka. Utaelewa kwa nini wale vijana wa Marin walikuwa wanaunguza grisi ya habu nzima ili wapate dakika nne na kitu za kushuka.

Zile baiskeli zao, kabla ziingie makumbusho, zilikuwa mitumba kama hii yako. Zilipata bei kwa sababu kuna mtu alizipanda mpaka zikawa na stori. Yako inaanza siku utaitoa kwa hilo rundo.